Natafuta apu ya kujifunza lugha ya alama YA TANZANIA, mwanangu ni kiziwi na simu yangu ni ya kawaida tu

#1 mamaJ_Moro

Wakuu habari za majukumu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Mwanangu wa pili, wa kiume, anaelekea miaka saba. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, Mungu akamponya ila kusikia kukaondoka masikio yote mawili. Alikuwa ameshaanza kuongea vizuri tu anaimba kabisa, sasa hivi maneno yamebaki machache na yanazidi kupotea. Tulimpatia nafasi shule ya bweni ya viziwi na huko anaendelea vizuri, mwalimu wake anamsifia. Shida ni sisi huku nyumbani. Akija likizo anaongea kwa mikono yuko kasi balaa sisi tunamtolea macho, baba yake anaishia kucheza naye mpira maana mpira hauhitaji maneno, na mimi ni kuonyesha kidole tu: kula, oga, lala. Mtoto ana stori za shule hana wa kumsimulia.

Sasa nimeingia Play Store nikatafuta, zimekuja apu nyingi mpaka macho yanauma, lakini ukizisoma vizuri nyingi ni za Marekani, chache za Uingereza, na zingine hata hazisemi ni za nchi gani. Je zinasaidia au napoteza bando? Kuna ya kwetu? Na je hii akili mnemba inayosifiwa kila siku haiwezi kunitafsiria tu mtoto anachosema nikimuwekea kamera? Simu yangu ina memori ndogo na imejaa picha za harusi za ndugu, bando nanunua la wiki. Nyumbani kuna na bibi yake mwenye kitochi, naye anataka kuongea na mjukuu.

Nawasilisha.

#2 kijiwe_cha_jioni

Naweka kambi hapa, mtoto wa dada yangu ni kiziwi na mpaka leo familia nzima tunajua alama mbili tu, "njoo" na "nitakuchapa".

#3 binaryboy255

Mama J pole na hongera kwa kutaka kujifunza, wazazi wengi wanaona wakishampeleka bweni basi kazi imeisha.

Jibu la haraka: hiyo ya Kimarekani achana nayo kwa sasa. Umoja wa Mataifa wanasema duniani kuna lugha za alama zaidi ya 300, na hazifuati lugha ya mdomo ya nchi. Mmarekani na Muingereza wote wanaongea Kiingereza lakini viziwi wao hawaelewani. Alama za Marekani zina mizizi Ufaransa, kuna kiziwi Mfaransa aliitwa Laurent Clerc alichukuliwa kwenda kufundisha kule Hartford, shule ikafunguliwa 1817, ndo mana mpaka leo ya kwao iko karibu na ya Wafaransa kuliko ya Waingereza. Hata herufi tu, Mmarekani anatumia mkono mmoja, Muingereza mikono miwili.

Sisi tuna yetu, LAT, yaani Lugha ya Alama ya Tanzania. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, walitoa kamusi 1993, na 2004 ikatoka nyingine iliyofanyiwa kazi na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila hizo ni za kuchapwa, na alama kwenye karatasi ni mtihani, unaona mkono umeganda na kamshale pembeni hujui uende haraka au taratibu, mara moja au mara mbili. Ndo maana video imebadilisha kila kitu kwenye hii mambo, sio akili mnemba wala nini, video tu ya kawaida.

Swali lako la kamera kutafsiri nitarudi, naingia kazini.

#4 Kimya_Kingi

Mimi ni kiziwi. Nipo humu miaka mingi wengi hamjui, maana humu wote tunaandika hakuna anayemsikia mwenzake.

Binaryboy yuko sawa ila kuna sehemu kairuka. LAT yenyewe haikuzaliwa sehemu moja. Shule ya Tabora ilianza 1963, Buguruni ikaja 1974, Mwanga na zingine zikafuata, watoto walikuwa mabwenini mbali mbali hawakutani, kila bweni likakuza alama zake. Baadaye ndo zikaanza kuunganishwa lakini tofauti bado zipo, ukikutana na mtu aliyesoma kanda nyingine kuna maneno lazima muulizane kwanza.

Kwa hiyo mama, kabla ya kuuliza apu gani, jiulize mtoto anasoma wapi na anacheza na nani. Alama zake ni za wale rafiki zake wa bwenini. Ukimletea za kutoka kwenye simu, hata ziwe za Tanzania kweli, anaweza kukuangalia kama mgeni. Anza na zake.

Pili, hapo Moro kuna viziwi watu wazima, mafundi, wafanyabiashara, kina mama. Chama kina matawi mikoani. Mtafute mmoja awe anakuja nyumbani hata Jumapili, mlipe nauli na chai. Mwanao anahitaji kumuona kiziwi mtu mzima mwenye familia na kazi, hilo hakuna simu itakupa.

#5 mzee_wa_gajeti

Mbona mnamrudisha mama wa watu enzi za ujima? Teknolojia ipo. Kuna kijana Mkenya Roy Allela alitengeneza glavu zinaitwa Sign-IO, unavaa, kila kidole kina kihisio kinachopima kimejikunja kiasi gani, zinatuma kwa Bluetooth kwenye simu ya Android na simu inasema kwa sauti. Alianza kwa sababu ana mpwa wake wa kike kiziwi, familia walikuwa wanashindwa kuongea naye, yaani kesi kama hii hii ya Mama J. Mtoto avae glavu, simu iongee, kesi imekwisha. Hela ya nauli na chai bora uiweke, glavu zikipatikana ununue.

#6 jaKisumu

Sasa wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa. Mzee wa gajeti umesema ukweli, huyo kijana ni wetu hehe. Na sio yeye peke yake, 2025 Elly Savatia alishinda Africa Prize ya uhandisi, ile ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kitu kinaitwa Terp 360. Hiyo inageuza upande ule mwingine, wewe unaongea ama unaandika alafu mtu wa katuni kwenye skrini anafanya ishara. Pia Maseno University kuna mradi AI4KSL, wanakusanya video za KSL, lugha ya ishara ya Kenya, na kufunza kompyuta.

Lakini jueni huku tumesukumwa na katiba. Ya 2010 kifungu cha 7 inasema serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na hiyo ya ishara. Uganda waliitaja kwao 1995. Sheria ikishakaa vizuri watu wa kompyuta wanaona kuna soko. Nyinyi mko wapi?

#7 kijiwe_cha_jioni

Jirani umeanza mashindano yako 😂 uzi wa mama huu heshimu.

#8 Kimya_Kingi

Mzee wa gajeti nitakujibu kwa heshima maana hili la glavu linanifuata kila mwaka, kila mtu akiona habari yake ananitumia kama vile nimekaa naisubiri.

Glavu inaona vidole. Lugha ya alama haiko kwenye vidole peke yake. Kuna umbo la mkono, kuna mahali mkono ulipo (kwenye kidevu sio sawa na kwenye paji), kuna mwendo, kuna kiganja kinaelekea wapi, na kuna USO. Nyusi, mdomo, kichwa, bega. Kuuliza na kutoa taarifa mikono inaweza kufanana kabisa, uso ndo unasema lipi ni swali. Nikitaka kusema mtu alinikasirikia sana siongezi neno "sana", naongeza uso na nguvu ya mkono. Sasa glavu yako ina nyusi?

Marekani vijana wawili wa University of Washington walipewa tuzo ya dola 10,000 mwaka 2016 kwa glavu kama hizo, magazeti yakaandika weee, viziwi wa huko wakalalamika hivi hivi. Na kilichowaudhi zaidi ni kwamba glavu navaa mimi. Mimi ndo nibebe chaji, mimi ndo nitoke jasho, ili wewe unayesikia usijifunze kitu. Mtoto wa miaka sita atakula ugali na glavu? Atafua nazo? Huyo kijana wa Kenya nia yake nzuri simpingi, na ufundi anao, ila Mama J hajaomba mashine imsemee mtoto. Kaomba ajifunze. Ni vitu viwili.

Katuni ya Terp ni habari nyingine, naielewa kwa hospitali, benki, matangazo ya stendi, sehemu ambayo mkalimani hayupo. Kwa kuongea na mama yako hapana.

#9 mzee_wa_gajeti

Nimekusoma mkuu. La kula ugali na glavu umenimaliza.

#10 dokta_mtarajiwa

Samahani naingia na kitu tofauti. Mama J, je mlishaenda Muhimbili? Wanaweka vifaa vya kusikia vya kupandikiza ndani ya sikio tangu 2017, zamani ilikuwa lazima India. Na kwa waliougua uti wa mgongo muda ni muhimu mno kwa sababu ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio, panaweza kuanza kuota mfupa, ukichelewa ile nyaya haipiti. Wengi hawaambiwi mapema.

#11 mamaJ_Moro

Asante dokta. Tulishapimwa kwa hospitali nyingine na tukaambiwa hivyo hivyo kwamba kwa upande wake pameshaziba, ndo tukakubali matokeo. Ila nimefurahi umeandika, kuna mzazi mwingine atasoma hapa mtoto wake ametoka wodini juzi.

#12 Kimya_Kingi

Na hata anayewekewa kifaa afundishwe alama pia. Kifaa kinaisha chaji, kinavuliwa kuoga, kinaharibika. Mtoto asikae bila lugha akisubiri fundi.

#13 binaryboy255

Nimerudi. Swali la kamera.

Mashine kuiona mikono sio tatizo tena. Google walitoa kitu bure kinaitwa MediaPipe, simu ya kawaida inaweza kuutambua mkono na kuweka nukta 21 kila mkono, kiunganishi kwa kiunganishi, na inafuatilia mwili na uso pia. Kwa hiyo mtu wa programu hata akiwa Ubungo anaweza kutengeneza kitu cha kujifunzia: unaonyeshwa alama, unaiga mbele ya kamera, simu inakwambia kidole gumba kimekaa vibaya. Wamarekani wanazo tayari. Februari 2025 NVIDIA walizindua jukwaa lao linaitwa Signs, wameshirikiana na chama cha watoto viziwi cha Marekani, kuna mwalimu wa katuni na kamera inakukosoa. Kuna mchezo unaitwa PopSign, unapasua mapovu kwa kufanya alama, umetengenezwa maalum kwa wazazi wanaosikia wenye watoto viziwi. Yaani mtu kama wewe kabisa Mama J, ila wa kule.

Kwanini hakuna wa LAT? Video. Mashine inajifunza kwa kuona mifano, sio mfano mmoja. Microsoft walipokusanya ya kwao ya Marekani, ASL Citizen, ilitoka na video kama elfu 83, alama 2,731, watu 52 tofauti wakiwa majumbani kwao na taa zao na makochi yao. Huo mchanganyiko ndo dhahabu, mashine iliyofunzwa na mtu mmoja kwenye studio ikimuona bibi yako amevaa kanga nyuma kuna kuku inachanganyikiwa. Na hapo bado ni neno moja moja! Sentensi ndefu, mtoto anasimulia nani alimpiga nani, anamuweka mmoja kushoto hewani mwingine kulia halafu anaendelea kuwarejea kwa kidole... hapo hata wenye hela zao bado wanahangaika. Kwa hiyo jibu la swali lako mama, hapana, usisubiri kamera ikutafsirie mtoto. Atakuwa ameshaota ndevu.

Ila ya kukukosoa alama moja moja inawezekana kabisa hapa kwetu ndani ya muda mfupi. Tatizo ni nani atakusanya video za LAT, kutoka shule gani, na nani atalipwa.

#14 mtaalamu_wa_fursa

Hiyo ya video rahisi sana. Tufungue grupu, kila mzazi arekodi mtoto wake anafanya alama, tunazipandisha mtandaoni bure, watu wa programu wanachukua. Ndani ya likizo moja tuna video elfu ngapi.

#15 Kimya_Kingi

HAPANA.

Video ya alama huwezi kuziba uso, nimeshasema uso ni sehemu ya lugha. Ukiweka ukungu usoni umefuta nusu ya sentensi. Maana yake kila video ya mtoto ni sura ya mtoto, sauti ya nyumbani kwake, sare ya shule yake, imekaa mtandaoni mpaka azeeke, na haujui nani anaangalia. Watoto viziwi ndo wanaowindwa zaidi kwa sababu wanyanyasaji wanajua hatasikika akilalamika. Rekodi watu wazima viziwi, waelezwe zinaenda wapi, waweke saini, walipwe. Tumechoka kuitwa kwenye miradi kupewa soda na fulana halafu kitu kinaenda kuuzwa kwa jina la mtu mwingine.

#16 mtaalamu_wa_fursa

Nimekuelewa mkuu, sikuwaza upande huo.

#17 ticha_bweni

Nafundisha shule yenye kitengo cha viziwi, sitaitaja. Nimesoma uzi wote nikaona niandike maana wazazi kama Mama J tunawatamani. Wengi tunawaona siku ya kufunga na siku ya kufungua tu, mtoto anapandishwa basi na kibegi chake basi.

Tunachofanya sisi darasa letu hakina jina wala hakigharimu. Kabla ya likizo tunakaa na wakubwa wa la sita na la saba, tunarekodi video fupi fupi, kila moja sentensi. Sentensi, sio neno! Kosa kubwa la apu nyingi ni kukufundisha "maji", "mbuzi", "Jumatano", ukimaliza una maneno mengi na huwezi kumuuliza mtoto kwanini analia. Sisi tunarekodi "umegombana na nani?", "subiri kwanza namaliza kupika", "kesho tunaenda kwa shangazi, shangazi yule mwenye duka", "usitoke nje gari zinapita", "inauma wapi? tangu lini?". Vitu vya nyumbani. Mzazi akizijua hizo likizo inakuwa likizo.

Tunazihifadhi kwa simu ya shule kwenye memori kadi, mzazi akija kuchukua mtoto anahamishiwa kwa simu yake hapo hapo, bando halihusiki. Makubaliano ni hazitoki kwenye familia, sambamba na alichosema Kimya Kingi.

Na kuhusu kuandika herufi hewani, wazazi wanaipenda maana ina alfabeti inajifunzika jioni moja, halafu wanamuandikia mtoto wa darasa la kwanza C-H-A-K-U-L-A. Huyo mtoto bado hajui kusoma! Herufi ni za majina ya watu na sehemu.

#18 binaryboy255

Ticha umeongea. Naongezea upande wa kurekodi, maana video ya alama ina adabu zake. Dirisha liwe mbele yako sio nyuma, ukiwa na mwanga nyuma unakuwa kivuli. Na usiku kwenye balbu hafifu kamera inafungua jicho muda mrefu, mikono ikienda haraka inakuwa moshi, vidole havihesabiki. Simu iegemeze kwenye kopo, usishike kwa mkono maana mikono yote ina kazi. Kata kuanzia juu ya kichwa mpaka kiunoni na acha nafasi pembeni viwiko visitoke nje ya picha. Ukuta uwe mtupu, kitenge chenye maua makubwa vua kwanza, vaa kitu cha rangi moja tofauti na ngozi.

Kamera ya selfi inageuza kushoto kulia, usihofu. Wenye mashoto wanafanya alama kinyume kila siku na wanaelewana.

Kama video iko YouTube bonyeza mipangilio weka spidi 0.5, utaona vidole vinavyobadilika katikati. Za kwenye simu tumia kichezeo chochote cha video chenye spidi. Na kuna programu ya Anki, kwenye Android ni bure, inakaa bila intaneti, unaweka video upande mmoja na maana upande wa pili inakukumbusha ile uliyosahau ndo inarudi mara nyingi, uliyoiweza inapotea kwa siku kadhaa. Nzuri sana kwa alama kwa sababu unaweza kuigeuza: inakuletea maneno, wewe unafanya alama, ndo unafungua video kujikagua. Wengi wanajua kutambua alama wakiiona lakini mikono yenyewe haitoki.

#19 jaKisumu

Kwa watoto, huku kuna eKitabu wana Studio KSL, hadithi za watoto kwa video, viziwi wenyewe ndio wanasimulia. Najua ni KSL sio LAT, lakini mama angalia hata kwa kuona vile uso unafanya kazi, vile msimulizi anageuka kuwa simba alafu anarudi kuwa sungura. Hiyo haina mpaka wa nchi.

#20 Kimya_Kingi

Hiyo nakubali kwa asilimia zote. Na ukishapata msingi, angalia taarifa ya habari yenye mkalimani kwenye kona, weka sauti kimya kwanza jaribu kukisia habari, halafu rudia na sauti. Mkalimani wa habari ni wa kasi na anatumia alama za kiserikali, kwa hiyo usianze na hiyo utakata tamaa. Viboksi vingine ni vidogo kama stempu, hata mimi kiziwi sioni kitu, lakini hiyo kesi ya siku nyingine.

#21 mamaJ_Moro

Wakuu nimerudi, likizo imepita katikati hapa ndo maana nilipotea. Ngoja niwape mrejesho maana kuna waliokuja inboksi wanauliza.

Nilimpigia mwalimu wa darasa nikamuomba kama alivyosema ticha. Shule yetu walikuwa hawajawahi kufanya hivyo ila matroni akalichukua kwa moyo, yeye mwenyewe anajua alama vizuri, amelelewa na dada yake kiziwi. Akarekodi mwenyewe sentensi za nyumbani, sikutaka watoto wa watu kwenye simu yangu. Picha za harusi nimezihamisha, wenye harusi wanisamehe.

Kilichonishangaza ni kwamba kazi kubwa hakuifanya simu. Tulikaa naye mtoto tukaangalia pamoja zile video, matroni anatokea kwenye skrini mtoto anaruka juu kwa furaha, halafu akaanza kutusahihisha. Kamgeuka baba yake kuwa mwanafunzi! Anamshika vidole anavikunja anampiga kikofi akirudia vibaya. Video ilimpa yeye mamlaka, kwamba hii lugha yake ipo kwenye simu kama lugha za watu wengine wote, na sisi ndo tusiojua. Sasa tukikwama neno lisilokuwepo tunamuonyesha kitu chenyewe au picha, anatupa alama, dada yake mkubwa anarekodi hapo hapo mkono wa baba akiiga, na jina la faili tunaandika ile sentensi kwa Kiswahili ili tuweze kuitafuta. Anki nimeiweka, dada yake ndo kanifundisha.

Uso ndo mgumu wakuu. Sisi wengine tumelelewa kwamba mwanamke usikunjekunje sura mbele za watu. Mtoto anaona namuuliza swali na uso umekaa kama wa kwenye kitambulisho, hajibu, anasubiri niulize. Mpaka nipandishe nyusi ndo anajibu.

Bibi hakuhitaji simu. Anakaa naye jikoni anachambua mchele, anaiga tu anachoona. Anakosea vibaya sana na wanaelewana kuliko sisi sote.

Na yule kiziwi wa kuja Jumapili tumempata, ni mama mmoja anashona nguo, kupitia watu wa chama. Mara ya kwanza mtoto alimuuliza kama kweli ana watoto, akaambiwa ndio watatu na wote wanasikia, hakuamini.

#22 kijiwe_cha_jioni

Aisee nimeisoma yote kwa sauti hapa kijiweni. Dada yangu nimemtumia linki.

#23 dokta_mtarajiwa

Mama J hongera sana. Swali dogo, kwenye hizo sentensi kuna za hospitali? Natamani nizione, wodini tunakutana na watoto viziwi tunaishia kuwashika tu kwa nguvu kuwachoma sindano bila maelezo.

#24 ticha_bweni

Dokta hizo ndo za kwanza kurekodi, sisi tuna kama dazani. "Nitakuchoma kidogo, itauma halafu itaisha", "umekula nini", "kizunguzungu". Ila za kwetu ni za eneo letu, ukiwa kanda nyingine tafuta kiziwi wa hapo azipitie. Njoo inboksi tuone namna, mwenye video lazima nimuulize kwanza.

#25 Kimya_Kingi

Dokta ukiwa tayari niite, niko Dar, nitakuja kurekodi mwenyewe. Kwa malipo 😄 sio soda.

Mama J, ameshakupa jina la alama? Usijipe mwenyewe, jina anakupa kiziwi.

#26 mamaJ_Moro

Ameshanipa, ni pengo langu la mbele na kidole kinapita kwenye meno. Baba yake kapewa kitambi. Hakufurahi.

#27 mzee_wa_gajeti

😂😂😂 glavu isingeweza hiyo nakiri.

#28 mama_wa_Tukuyu

Habari zenu, mimi ndo nimeuona uzi leo, nina binti kiziwi wa miaka mitatu bado hajaanza shule. Kuna fundi viatu kiziwi hapa kwetu amekubali kunirekodia sentensi kama hizo, tatizo akinitumia kwa WhatsApp zinafika zimefifia vidole havionekani. Nifanyeje?

#29 binaryboy255

Mwambie asitume kama video. Abonyeze kile kipini cha kuambatisha achague dokumenti, halafu aitafute video kwenye faili, itakuja kama ilivyorekodiwa. Itakula bando zaidi kwa hiyo azikate fupi fupi, sekunde kumi zinatosha sentensi moja. Au kama mko karibu mpelekee memori kadi.

#30 mama_wa_Tukuyu

Yuko hapo barabarani tu, nampelekea kadi kesho.